Saa Moja ya Mwalimu King

Kama hapo ulipo kuna mtoto ambaye ripoti yake ya muhula imerudi na maneno "ana uwezo ila hajitumi", usimtume dukani sasa hivi. Mwache asikilize. Mazungumzo ya leo yanamhusu yeye kuliko mimi na wewe.

Twende Marekani, mwaka 1955. Mwaka huo mwandishi mmoja mzaliwa wa Vienna, Rudolf Flesch, alitoa kitabu kilichowauliza Wamarekani kwa nini mtoto wao Johnny hajui kusoma. Jibu lake lilikuwa kali: shule zimeacha kufundisha sauti za herufi, zinawakaririsha watoto maneno mazima kwa macho, kana kwamba kila neno ni picha. Kitabu kiliuzwa kama njugu. Wazazi wakaja juu, wakubwa wa elimu wakajitetea, magazeti yakapata cha kuandika.

Mwaka huohuo mwalimu mmoja aitwaye Diana Hanbury King alifungua kambi ya likizo akaiita Dunnabeck. Hakuingia kwenye malumbano ya magazetini. Aliwachukua watoto walioshindwa kusoma, akakaa nao likizo, akawafundisha. Mwaka uliofuata akafanya hivyohivyo, na uliofuata tena. Mwaka 1969 akaanzisha shule kamili, Kildonan, huko Pennsylvania. Baadaye shule hiyo ikahamia Amenia, mji mdogo wa mashambani katika jimbo la New York, na kambi ikawa inafanyika palepale shuleni wakati wa likizo ndefu. Mwalimu King alifariki mwaka 2018, miaka 63 baada ya kambi ile ya kwanza, na hadi uzeeni alikuwa bado anawafundisha walimu wengine kazi ileile.

Nieleze kidogo kambi hizi zilivyo, maana huku kwetu ukisema kambi mtu anawaza jeshi, wakimbizi, au makambi ya Wasabato. Marekani shule hufungwa mwezi Juni na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Tangu karne ya 19 wana desturi ya kuwapeleka watoto kando ya ziwa au msituni kwa wiki kadhaa, mbali na wazazi. Wanalala kwenye vibanda vya mbao au mahema, wanaogelea, wanapiga kasia, na usiku wanazunguka moto na kuimba. Kwa mtoto wa kawaida ni raha tupu. Kwa asiyeweza kusoma ni mitego kila kona: ratiba imebandikwa ukutani, majina ya timu yako ubaoni, maneno ya wimbo yako kwenye karatasi, na baada ya siku chache kila mtoto anaambiwa awaandikie wazazi barua. Siku ya barua huyu mwenzetu anaumwa tumbo.

Asipokwenda kambini, anabaki nyumbani na mwalimu wa twisheni, anafundishwa yaleyale yaliyomshinda mwaka mzima, kwa njia ileile, ila sauti imepandishwa. Hapo Dunnabeck iliingia katikati. Ilimpa mtoto likizo ya kweli, na ndani ya likizo hiyo ikaweka saa moja kwa siku ambayo mtu mzima mmoja anakaa na mtoto mmoja, uso kwa uso, kwa wiki sita.

Hali iliyowashinda watoto hawa huitwa disleksia. Ni nini hasa? Wengi wetu tumeambiwa ni watoto wanaoona herufi kinyumenyume. Sivyo. Mtoto huyu anaiona herufi kama unavyoiona wewe. Akili yake ni timamu, mara nyingi kali. Shida yake iko pale ubongo unapotakiwa kulivunja neno lililosemwa katika vipande vyake vya sauti, kisha kukifunga kila kipande na herufi yake. Kazi hiyo sisi wengine tunaifanya mpaka tunasahau kuwa tunaifanya. Yeye inamtoa jasho kila mara. Na ni jambo linalotembea katika ukoo. Ukimchunguza mtoto, usishangae kumkuta baba mtu naye aliacha shule darasa la tano kwa sababu ambazo hapendi kuzizungumzia.

Daktari wa Kiingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mtoto wa namna hii mwaka 1896 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mtoto mwenyewe aliitwa Percy, alikuwa na miaka 14, alikuwa mchangamfu, mzuri wa michezo, na hesabu hazikumsumbua. Lakini alipotakiwa aandike jina lake aliandika Precy, na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa. Mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo ndiye angekuwa wa kwanza shuleni. Ni zaidi ya miaka 120 sasa tangu hayo yaandikwe, na bado tunawaandikia watoto "hajitumi".

Mwaka 1925, katika jimbo la Iowa, daktari wa ubongo Samuel Orton alikutana na kijana wa miaka 16 ambaye alikuwa hajaweza kusoma licha ya akili yake nzuri. Orton akashikwa na jambo hilo maisha yake yote. Baadhi ya nadharia zake kuhusu pande mbili za ubongo hazikudumu. Wazo lake la kufundisha ndilo lililobaki: mtoto huyu apewe sauti na herufi moja moja, kwa mpango, na ahusishwe jicho, sikio, mdomo na mkono kwa pamoja. Waliolifanya wazo hilo kuwa somo lenye hatua, kadi na mazoezi ni walimu wawili wanawake, Anna Gillingham na Bessie Stillman, miaka ya 1930. King alitumia mbinu yao na kuiendeleza.

Sasa tuingie ndani ya ile saa moja.

Mezani kuna mwalimu na mtoto, tuseme wa miaka 12. Mwalimu anainua kadi yenye herufi b. Mtoto anataja jina la herufi, anataja neno la kushikilia, kwa Kiingereza chao boy, kisha anatoa sauti yenyewe. Kadi inashushwa, nyingine inapanda. Halafu mchezo unageuzwa: mwalimu anatoa sauti, mtoto anaiandika huku akilitamka jina la herufi, mkono na mdomo vikienda sambamba. Ndipo sauti zinaunganishwa kuwa silabi, silabi kuwa maneno. Na hapa kuna ujanja ninaoupenda. Mtoto anapewa maneno yasiyo na maana yoyote, tuseme vab au mip, ayasome.

Kwa nini asome upuuzi? Kwa sababu mtoto aliyeshindwa kusoma kwa miaka sita amekuwa bingwa wa kubahatisha. Anaangalia picha, anaangalia herufi ya kwanza, anausoma uso wa mwalimu kuliko kitabu, kisha anatupa neno. Mara nyingi anapatia, na ndiyo maana hakugunduliwa mapema. Kwenye mip hakuna picha na hakuna uso utakaomsaidia. Lazima apite sauti moja baada ya nyingine. Akifaulu, anajua mwenyewe kwamba safari hii hakuotea.

Kanuni ya saa hiyo ni kwamba mtoto haulizwi kitu ambacho hajafundishwa. Ukifikiri vizuri utaona jinsi hili lilivyo geni. Darasani maisha yake yote amekuwa akiulizwa asichokijua, mbele ya wenzake, kisha akasubiriwa. Hapa kesho inaanzia pale leo ilipoishia, na kama jana imesahaulika inarudiwa bila uso kukunjwa.

Mwalimu King alishikilia pia mwandiko wa kuunganisha. Watu walimwona wa kizamani, lakini sababu zake ni za mkononi. Katika maandishi ya kuchapa, b na d ni umbo lilelile lililogeuzwa. Katika mwandiko wa kuunganisha, d inaanza kwa kujikunja upande wa kushoto na b inaanza kwa kupanda juu na kitanzi; mkono unakwenda njia mbili tofauti, na mkono hukumbuka njia. Tena kalamu haiinuliwi hadi neno liishe, kwa hiyo neno linakaa mwilini kama kitu kimoja. Aliandika pia kitabu cha kufundisha kupiga chapa, ambapo mtoto anajifunza vitufe kwa kufuata alfabeti huku akitaja jina la kila herufi anayoibonyeza. Sauti, kidole, herufi: mambo yaleyale, mlango mwingine.

Mchana vitabu vinafungwa. Kuna kuogelea, mitumbwi, useremala, ufinyanzi, na farasi. Farasi walikuwa sehemu kubwa ya maisha ya Kildonan. Hapa waandishi wengi hupenda kusimulia kwamba mtoto aligundua kipaji chake kilichofichika, na mara Einstein anatajwa kwamba naye alikuwa na disleksia. Masimulizi hayo siyapendi. Habari ya Einstein haina ushahidi wa kusimama nao, na hata ingekuwa nao, inamsaidia nini mtoto wa kawaida ambaye hatagundua chochote? Naye ana haki ya kusoma kibao cha basi na maandishi kwenye chupa ya dawa. Faida ya mchana wa kambini naiona ndogo kuliko hiyo, na ya hakika zaidi. Mtoto aliyekuwa wa mwisho tangu akiwa na miaka sita anaweza kuwa ndiye anayemwonyesha mgeni jinsi ya kukaza mkanda wa tandiko chini ya tumbo la farasi, na mgeni anamsikiliza. Usiku anarudi kwenye chumba ambamo wote hawakuweza kusoma. Hakuna siri ya kulinda. Yule aliyekuwa akitumia nusu ya nguvu zake kuficha, nguvu hizo sasa amezirudisha.

Nimejiuliza mtu anawezaje kufanya kazi hii miongo mingi. Haina ukuaji wa kujivunia. Kila mwaka wanakuja watoto wapya, na kila mwaka unaanza na sauti ya a. Mwanafunzi akishafaulu anaondoka, anasahau, pengine hataki hata kukumbuka kwamba aliwahi kukaa mezani akisoma mip akiwa na miaka 12. Daktari wa upasuaji ana hadithi za kusimulia. Mwalimu wa namna hii ana kadi zilizochakaa kingo. King aliongeza jambo moja lililoipa kazi yake uzao: aliwafunza walimu. Mwaka 1995 kilianzishwa chombo cha kusimamia viwango vya walimu wa mbinu ya Orton na Gillingham, makao yake palepale Amenia, naye alikuwa miongoni mwa waasisi. Kambi ilikuwa karakana ya walimu sawa na ilivyokuwa ya watoto.

Nisikupambie. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti zilizopima mbinu ya Orton na Gillingham dhidi ya namna nyingine za kuwasaidia watoto wa aina hii. Matokeo yaliegemea upande wake, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu aape. Kinachoonekana kuwa na nguvu ni kufundisha sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, kwa subira. Jina la mbinu si hirizi. Wafuasi wa mbinu hiyo hawakufurahi, na ninawaelewa, lakini mimi naona habari ni njema. Maana yake ni kwamba huhitaji kadi za Amenia ili kumsaidia mtoto wa huku kwetu Amboni.

Jambo la pili ni pesa. Kambi yenye mwalimu mmoja kwa kila mtoto, farasi na ziwa, ni ya wenye nazo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya elimu ya umma inayowafaa, na disleksia imetajwa ndani yake miongoni mwa matatizo ya kujifunza, lakini kati ya kitabu cha sheria na dawati la mtoto kuna umbali. Na hata hizo shule za wenye nazo si za milele: Kildonan yenyewe ilifungwa mwaka 2019, baada ya nusu karne.

Tuje nyumbani. Kuna mtu ataniambia disleksia ni ya Waingereza na tahajia yao ya ajabu, Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Mwaka 2001 ulitoka utafiti maarufu uliowalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao tahajia yao inafanana na yetu kwa unyofu, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao. Lakini walipopigwa picha za ubongo wakiwa wanasoma, udhaifu ulionekana eneo lilelile kwa makundi yote matatu. Kwa hiyo tahajia nyofu inapunguza makosa, haiondoi tatizo. Mtoto wa Kiswahili mwenye disleksia hatakosea sana, atakuwa mzito. Atasoma "wa-li-po-ku-wa-nda-ni" silabi kwa silabi akiwa darasa la sita, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshapotea. Mwalimu anasikia maneno yote yako sawa, anaandika "mvivu".

Tena tuna pazia letu wenyewe: ba, be, bi, bo, bu. Darasa zima linaimba, mwalimu anapitisha fimbo ubaoni, na mtoto wetu anaimba kwa sauti kuliko wote huku akiangalia dirishani. Wimbo anaujua. Herufi hazijui. Ukimchukua peke yake ukamwonyesha bo bila kupitia ba na be, ananyamaza. Darasa lenye watoto themanini halina nafasi ya kumchukua peke yake. Mwaka 2012 Tanzania ilishtuka iliposikia kuwa maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Si wote wana disleksia, hata kidogo; wengine hawakufundishwa. Lakini wenye disleksia wamejificha humo ndani yao, na tangu hapo mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, umesaidia zaidi wale ambao wangesoma kwa msukumo mdogo. Jirani zetu Kenya wana shule ya Rare Gem, Kitengela, iliyoanzishwa mahsusi kwa watoto hawa. Ni shule moja.

Na kambi tunazo, msikilizaji! Julai na Agosti shule nyingi za msingi zinawalaza shuleni wanafunzi wa darasa la saba. Wazazi wanachanga unga na maharage, mama mpishi anakuja na sufuria zake, walimu wanafundisha hadi usiku. Wanaopewa macho zaidi ni wale ambao wamebakiza kidogo wavuke mstari wa kufaulu. Asiyejua kusoma anakaa nyuma kabisa, au mzazi wake anashauriwa polepole kwamba mtoto apumzike nyumbani, asije akaushusha wastani wa shule. Magodoro, unga, walimu na nia tunavyo vyote, na tumevielekeza kwa mtoto ambaye tayari anasoma.

Nawaomba walimu wakuu wanaonisikia wapige hesabu nami. Likizo ya Desemba, sufuria zimelala. Watoto kumi wa darasa la tatu na la nne, walimu watano wenye mikono ya kufundisha darasa la kwanza. Asubuhi kila mwalimu anakaa na watoto wawili, saa moja kila mmoja, chini ya mwembe tofauti. Mchana ni mpira, bustani, kuchonga, chochote wanachokipenda. Gharama ni posho na unga wa watu kumi na tano. Utaniambia walimu hawana mafunzo ya disleksia. Sawa, lakini mwalimu mzuri wa KKK anajua mpangilio wa sauti za Kiswahili kuliko mtaalamu yeyote wa Amenia, na irabu zetu ni tano tu. Asichokuwa nacho ni ruhusa ya kumfundisha mtoto wa miaka kumi irabu a bila mtu kucheka.

Simu zitakuwa wazi baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nitaanza na walimu waliowahi kulijaribu hili, hata kwa mtoto mmoja jirani. Mniambie alikuwa na umri gani, mlianzia herufi gani, na ilichukua muda gani mpaka akasoma sentensi ambayo hakuwahi kuisikia.